Kumi na Sita Nukta Nne

Dashibodi inasema ishirini na moja.
Verlyn anaguna. Anachomoa penseli nyuma ya sikio,
anasoma maili, anasoma galoni kwenye pampu,
anagawanya kwa mkono pembeni mwa risiti
huku upepo wa Dakota ukitaka kumpokonya karatasi.
Kumi na sita nukta nne.
"Mwongo," analiambia gari, bila hasira,
kama mtu anayemjua mwongo wake tangu utotoni.

Miaka thelathini na moja alikaa kwenye mizani ya ghala la nafaka
akipima malori ya ngano: likiingia limejaa, likitoka tupu,
tofauti ndiyo haki ya mkulima.
Kaka yake alimnunia msimu mzima
kwa ajili ya ratili arobaini.
Sasa amestaafu, hana cha kupima
ila hili dubwana letu la viti vinane,
tulilolinunua watoto wangali wakigombania dirisha.
Leif yuko Tacoma. Solveig huja Krismasi, barabara ikikubali.
Viti sita vinasafiri vitupu,
na utupu nao una uzito, anasema Verlyn,
hilo muuzaji hakututajia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Yetu ni maili mia na kumi,
Minot hadi Bismarck, kila Jumanne,
kwa daktari wa moyo wangu.
Hakuna mlima wa kulaumu, wala kona;
ni mabua, ni anga,
na upepo unaolisukuma gari kifuani
kama mlevi mlangoni.
Kwenda, kumi na nne.
Kurudi, tumeupa mgongo, kumi na tisa,
na Verlyn anajisifu: mguu wangu mwepesi!
Mguu wako, namwambia, haujawahi kuvuma.

Daftari lina safu nne:
tarehe, maili, galoni, sababu.
Kwenye sababu huandika kwa herufi za mtu wa mizani,
ndogo, zilizonyooka:
*Upepo, kaskazini-magharibi.*
*Tairi za theluji.*
*Magunia sita ya mchanga nyuma.*
Mara moja: *Arlys aliendesha.*
Hiyo sijaisamehe.

Jana nilikuwa natafuta miwani
nikaangukia ukurasa wa Januari.
Tisa nukta moja.
Tisa! Hata tulipovuta fanicha zote za Solveig
hatukuwahi kuiona tisa.
Na safu ya sababu iko wazi.

Nikakumbuka. Polisi walifunga barabara karibu na Wilton,
tukaegesha nyuma ya kituo cha mafuta kilichozimwa taa
(galoni elfu kadhaa chini ya miguu yetu, na hakuna wa kutuuzia moja),
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Yeye, ambaye huzima injini hata kwenye foleni ya benki,
aliiacha ingurume hadi kulipopambazuka.
Mara tatu alitoka kufukua theluji kwenye bomba la moshi,
akarudi na nyusi nyeupe.
Kila nilipozinduka alikuwa anautazama mshale ukishuka,
mkono mmoja juu ya blanketi langu,
hapa, penye mapigo.

Maili hazikusogea. Galoni zilikwenda.
Ukigawanya, hesabu ni sahihi, ila sababu
haina uzito anaoujua yeye.
Nikachukua kalamu ya wino, nikamjazia:
*Nilisikia baridi.*

Leo pampuni aliufungua ukurasa ule.
Nilimwona kupitia kioo cha pembeni, amesimama,
risiti ikipigapiga kwenye vidole vyake.
Hakusema neno. Alilamba ncha ya penseli, akafunua mbele,
akagawanya: kumi na tano nukta nane.
Dashibodi ilikuwa imedai ishirini.
Kwenye sababu akaandika *Upepo*.
Akafikiri kidogo, akaongeza:
*Abiria wawili.*